Tope la vyoo vyetu: gazi inatoka, sumu zingine zinabaki

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Butembo na Beni. Tunayaweka hapa juu wengi waliomba wayasome kwa utulivu.

 

Tumezoea kukutana juu ya usalama, juu ya kodi, juu ya barabara. Leo naomba muda kidogo juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu alikifanya asubuhi na akakisahau. Kinaenda wapi? Butembo haina mabomba ya kukusanya maji machafu ya nyumba. Beni pia haina. Tuko na shimo, na wenye uwezo wako na fosi septiki. Shimo likijaa, kama parsele ni kubwa, unalifunika na kuchimba lingine. Kama parsele ni ndogo, na siku hizi nyingi ni ndogo, unatafuta vijana wa kuchota. Wanakuja usiku na bido zao. Asubuhi shimo liko wazi na hakuna anayeuliza tope lilikwenda wapi. Lakini kila mtu hapa anajua bonde liko wapi, na anajua maji ya bonde yanateremka Kimemi, na anajua nani analima mboga pembeni ya maji yale.

Na watu wameongezeka. Tangu mauaji yalipoanza pembeni ya Beni, mwezi wa kumi 2014, familia hazijaacha kukimbilia mjini. Halafu mwaka 2024, M23 walipochukua Kanyabayonga, wengine wakapanda kutoka upande wa kusini wa Lubero. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja inalala familia tatu. Shimo ni lile lile moja.

Ndiyo maana siku hizi neno biogazi limekuwa tamu midomoni. Tujenge tangi kubwa, tope liingie, gazi itoke, mama apike bila makala, na kile kinachobaki ni mbolea safi kwa mkulima. Mimi naunga mkono tangi. Makala tunayochoma tunajua inatoka wapi, mingine ni miti ya Virunga, na tunajua nani anatajirika nayo. Lakini lile neno la mwisho, "safi", ndilo lililonifanya niombe kuongea leo. Nimesoma agronomia miaka mitano, kazi sijapata, basi angalau masomo yale yafanye kazi hapa.

Kwanza tuelewane tangi linafanya nini. Unaweka tope ndani, unafunga, hewa isiingie. Ndani mna mikrobi wasiotaka oksijeni. Wa kwanza wanavunja vitu vikubwa, mafuta, nyuzi, mabaki ya chakula. Wengine wanavigeuza kuwa asidi. Wa mwisho wanakula asidi na kutoa metani, gazi inayowaka. Karibu asilimia 60 ya biogazi ni metani, inayobaki karibu yote ni kaboni dioksidi. Ni metani ile ile iliyolala chini ya Ziwa Kivu. Ile harufu ya yai bovu ni gazi nyingine tena, na hiyo inaweza kumwangusha mtu anayeshuka ndani ya shimo mara moja. Vijana wetu wanashuka bila kamba, bila glavu. Hiyo ni hotuba nyingine, nitaifanya siku yake.

Sasa sikieni: choo chako cha shimo tayari ni tangi la namna hiyo, ila tangi bovu. Kule chini hakuna hewa. Mikrobi ni wale wale. Kwa hiyo haya nitakayosema hayahusu tu mitambo ya Ulaya. Yanatendeka chini ya parsele yako, polepole, bila mtu kupima. Tena kwetu Butembo polepole zaidi, juu mji uko zaidi ya mita 1,700 na udongo ni baridi. Mikrobi hawa wanapenda joto la mwili wa mtu, nyuzi 35 hadi 37. Kwenye joto hilo tangi linahitaji siku 20 hadi 30. Kwenye baridi yetu, hesabu miezi. Beni kuna joto, pale tangi lingetembea vizuri kuliko hapa. Wa Beni, musicheke.

Basi swali ni hili. Pamoja na kinyesi, tunatupa nini kingine ndani? Maji ya kufulia. Mafuta machafu ya moteri. Dawa zilizopita muda. Dawa za wadudu zilizobaki kwenye pompi. Wanakemia wanaita vitu hivi vichafuzi vya ogani, maana molekuli zake zimejengwa juu ya kaboni. Musichanganye na lile neno la "mboga organiki". Petroli nayo ni ya ogani, na hakuna anayeinywa.

Mikrobi wanakula mavi vizuri sana. Je, hivi vingine wanavikula?

Tuanze na sabuni, juu hapo ndipo kuna jambo zuri kuliko yote niliyosoma. Chukua sabuni ya kipande iliyopikwa kwa mawese ya Beni. Sabuni ile ni mafuta yaliyokutana na soda. Ikiingia ndani ya tangi, mikrobi wanaikata vipande vipande mpaka inakuwa metani. Ni chakula kwao, tena chakula kinono, mafuta yanatoa gazi nyingi kuliko kinyesi chenyewe. Sasa chukua sabuni ya unga, ile ya kifuko inayopita Kasindi. Nyingi zinasafisha kwa molekuli moja ndefu ya petroli, wanaiita LAS kwa kifupi. Kwenye hewa, LAS inavunjika vizuri, ndani ya udongo wenye hewa inapungua kwa wiki chache. Lakini ile hatua ya kwanza ya kuivunja inaitaji oksijeni. Ndani ya tangi lililofungwa oksijeni hakuna. Basi inakaa. Mwezi mzima mikrobi wanakula kila kitu pembeni yake, yenyewe inabaki pale inawatazama. Tope linalotoka kwenye matangi ya Ulaya limekutwa na LAS gramu kadhaa kwa kila kilo kavu. Sio miligramu, gramu.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2004 juu ya sabuni inadai molekuli hizi ziweze kuvunjika penye hewa. Pasipo hewa haikudai. Danemarki, nchi ya wakulima, waliweka kikomo chao wenyewe: tope likiwa na zaidi ya miligramu 1,300 za LAS kwa kilo kavu, haliendi shambani.

Kuna jamaa mwingine wa sabuni aliye mbaya zaidi. Anatumika kwenye sabuni za viwanda, kwenye rangi, kwenye dawa za kupuliza. Jina lake ni refu, nonilifenoli etoksilati. Huyu akiingia kwenye tangi, mikrobi wanamkata mkia. Wanaula mkia, kichwa wanakiacha. Kichwa kile, nonilifenoli, ni sumu kuliko molekuli nzima ilivyokuwa, na kinajifanya homoni ya kike ndani ya samaki. Yaani tangi limefanya kazi yake, gazi imetoka, na sumu imezaliwa mle mle. Umoja wa Ulaya ulibana matumizi yake kuanzia 2005. Kwetu nani anasoma kifuko?

Wamotari muko hapa, nawaona. Mafuta machafu ya moteri yanakwenda wapi mukibadilisha? Pembeni ya barabara, kwenye mfereji, au kwenye shimo la garaji. Ndani yake mna familia ya molekuli zenye pete pete za kaboni, zile zile za moshi na masizi. Zingine zinaleta kansa. Hazipendi maji, zinakimbilia mafuta na kugandama kwenye tope. Ndiyo sababu maji ya juu ya fosi yanaweza kuonekana meupe, mtu akasema fosi yangu inasafisha. Sumu imeshuka chini, iko kwenye tope inakungoja. Mikrobi wasio na hewa wanazigusa kidogo tu, zile ndogo ndogo. Zile kubwa zinapita.

Lakini nisiwe mwenye kulaani tu, kuna upande ambao tangi linashinda. Molekuli zilizobeba klori nyingi, kama DDT ya zamani au PCB za mafuta ya transifoma kuukuu, mikrobi wa penye hewa wanashindwa nazo kabisa. Wasio na hewa wanajua kuzing'oa klori moja moja. DDT inakuwa DDD. DDD bado ni sumu, amebadilisha koti tu, lakini mlango umeanza kufunguka. Kwa hiyo huyu wa bila hewa anafungua kufuli ambalo mwenzake hawezi, na mwenzake wa penye hewa anafungua lile la LAS na nonilifenoli. Wakamaradi, kama mutasahau yote mengine ya leo, mubaki na hili: tope linaitaji wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kwanza tangi lililofungwa. Halafu litolewe nje, lichanganywe na majani makavu, lipinduliwe pinduliwe lipate hewa, wiki hata miezi. Kazi hii ya pili haitoi gazi wala haipigwi picha, na ndiyo ambayo kila mradi unaiacha pesa zikianza kupungua.

Dawa za hospitali nazo zinagawanyika. Bactrim, ambayo nyumba nyingi hapa zinaijua, mikrobi wa tangi wanaivunja karibu yote. Cipro haivunjiki vizuri, inagandama kwenye tope na kutoka nalo. Karbamazepini, dawa ya kifafa, inaingia na inatoka ilivyo, kama mgeni aliyekataa chakula. Na antibiotiki iliyobaki kidogo kidogo kwenye tope inawafundisha mikrobi kuizoea. Siku ukiugua kweli, dawa ile ile inakuangalia tu. Kwa hiyo kile kikopo cha dawa zilizopita muda, musikitupe msalani. Kirudishwe santé, na santé nao tuwaulize wanakipeleka wapi.

Na klori, tuiseme. Kutoka tarehe 1 mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020 tulinawa maji ya klori kila mlango, hapa na Beni. Watu 2,287 walikufa katika Ebola ile, sitasema neno baya juu ya klori. Lakini klori nyingi ikimwagwa ndani ya fosi haichagui, inaua na wale mikrobi wanaofanya kazi, tena ikikutana na uchafu wa ogani inatengeneza molekuli mpya zenye klori. Mgonjwa wa kipindupindu akiwa nyumbani, weka, usiulize. Kuweka kila juma ili choo kisinuke, hapana.

Sasa hesabu ya mwisho, nayo ni hesabu ya jikoni. Unapika sombe. Umetia chumvi mapema, maji bado mengi, unaonja, iko sawa. Moto unafanya kazi, maji yanapungua, unaonja tena: chumvi imezidi. Hakuna aliyeongeza. Tope liko hivyo. Tuseme umeingiza kilo 100 za tope kavu zenye gramu moja ya sumu isiyovunjika. Hiyo ni miligramu 10 kwa kilo. Mikrobi wanageuza karibu kilo 40 kuwa gazi. Zinabaki kilo 60, na gramu yako moja iko pale pale. Sasa ni karibu miligramu 17 kwa kilo. Tangi limefanya kazi vizuri, na kadiri linavyofanya vizuri ndivyo chumvi inavyozidi. Mtu akikuletea karatasi inayosema tope limepungua karibu nusu, furahi, halafu muulize hiyo gramu iko wapi.

Kuna watakaosema, huyu anatisha watu, mbona wengine wanafanya. Wanafanya, ni kweli. Rwanda waliweka matangi ya biogazi kwenye magereza, kazi ya chuo cha KIST cha Kigali, wakapata tuzo ya Ashden mwaka 2005. Gazi ilipunguza kuni za jikoni karibu nusu, na kinachobaki kinalisha bustani. Nawapongeza. Lakini angalieni kinachoingia: choo cha gereza kinapokea watu, hakipokei garaji. Kampala, ambako wafanyabiashara wetu wanakwenda kila juma, wako na Lubigi tangu 2014, mahali ambapo magari yanamwaga tope la vyoo kwa utaratibu, linakaushwa, wakulima wanalinunua. Na Bugolobi wamejenga matangi makubwa yaliyofungwa ya kutoa gazi. Mfanyabiashara wa Butembo analala Kampala, anatumia choo kinachokwenda Bugolobi, halafu anarudi nyumbani kwenye bido na bonde. Sio kwamba hatujui.

Na Ulaya, wenye laboratwari? Sheria yao ya 1986 juu ya tope la mashambani inapima metali tu, risasi, kadimiamu na wenzake. Sumu za ogani haikuzitaja kwa vikomo. Wengine hawakungoja. Uswisi iliamua mwaka 2003 kuachana na tope kama mbolea, sasa inalichoma. Jimbo la Maine kule Marekani lilikataza kulimwaga mashambani mwaka 2022, baada ya wakulima kukuta udongo na visima vimejaa PFAS, zile kemikali za sufuria zisizogandisha na makoti ya mvua. PFAS mikrobi hawaziwezi, awe wa penye hewa au wa bila hewa. Wale walikuwa na tangi, na vipimo, na wahandisi, na bado walifika pale. Sisi tuko na nafasi moja wao hawakuwa nayo: bado hatujajenga.

Sitaki mtoke hapa mkisema tope ni sumu, tuliache. Tope lisiloshughulikiwa linaua sasa hivi, kwa kipindupindu na kwa minyoo, wala halingoji kansa ya miaka ishirini. Mtoto anayekunywa maji ya bonde leo haogopi nonilifenoli. Nikiambiwa nichague kati ya tangi lisilo kamili na bido ya usiku, nachagua tangi, kesho asubuhi. Tena uchafu wetu bado ni mwepesi kuliko wa miji yao, viwanda vyetu ni vichache. Kitu kinachoingia shimoni kwetu tunaweza bado kukitaja kimoja kimoja, na kukizuia mlangoni: mafuta ya moteri yakusanywe kwenye pipa la garaji, dawa zirudi, mabaki ya dawa za kakao na mboga yasimwagwe msalani. Kilichozuiwa mlangoni hakiitaji mtambo.

Lakini hiyo isiwe sababu ya viongozi kutuachia kazi yote. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi mahali pasafi panapofaa kwa maisha yake. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi unaotokana na shughuli ya uchumi unalipiwa. Tuko na sheria ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011, tuko na sheria ya maji ya mwisho wa 2015. Karatasi tumejaza. Tangu mwezi wa tano 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, miji yetu inaongozwa na mapolisi, na tunajibiwa kila mara kwamba kwanza ni vita. Vita tunaijua kuliko wao. Lakini kodi ya soko haikungoja vita iishe.

Kwa hiyo barua tunayopeleka inaomba vitu vinavyoweza kuonekana kwa macho. Mahali pamoja palipotengwa, mbali na maji, kwa Butembo, na pengine kwa Beni, ambapo tope la vyoo litamwagwa mchana, si usiku. Vijana wanaochota waandikwe, wapewe vifaa na bei inayojulikana. Mradi wowote wa biogazi utakaokubaliwa uonyeshe kwenye mkataba ile hatua ya pili ya hewa, na nani ataigharamia mwaka wa tatu, wafadhili wakishaondoka. Kabla ya tope kwenda kwa mkulima lipimwe, si mayai ya minyoo tu, na LAS na yale mafuta ya pete pete pia. Kama laboratwari ya hapa haiwezi, sampuli ivuke mpaka, tunavusha kahawa na kakao kila siku. Na OCC, wanaopima mizigo Kasindi, watuambie sabuni za unga zinazoingia zimetengenezwa na nini.

Kuna mwenzetu aliuliza kwa nini tusiweke pia sharti kwamba shule na vituo vya afya vinunue sabuni ya mawese ya hapa. Nilipenda. Inasaidia tangi na inamsaidia mama wa Beni anayeipika. Sijaiandika bado kwenye barua, naomba tuijadili sasa, juu wauzaji wa sabuni ya unga nao ni ndugu zetu, wengine wamekaa hapa ndani.

Nakala ziko kumi hapa mezani. Wa Beni muchukue tano, juu meya wenu ni mwingine na barua yenu inataja mabonde yenu. Someni kwanza ukurasa wa pili, ule wenye vipimo, halafu ndipo musaini.